Mahali Walipopaita Mwezini



Katika mkutano wetu wa likizo lilizuka swali ambalo hatukulimaliza. Kijana mmoja aliuliza: picha tunazotuma kwa simu zinapafanyia nini mahali zilipopigwa? Wengi walicheka. Walisema picha ni picha tu, haili wala hainywi, na mahali pakishapigwa picha panabaki palepale. Sisi tunaoandika ukurasa huu hatukucheka, kwa sababu tunayo picha moja ambayo mpaka leo hatujaafikiana tuiite msaada au kosa. Muda wa mkutano ulikwisha kabla hatujapata ujasiri wa kuisimulia. Basi tunaisimulia hapa.

Wenyeji wa Goma hawahitaji kukumbushwa usiku wa Jumamosi, tarehe 22 Mei 2021. Mbingu iligeuka nyekundu bila onyo. Mto wa moto uliteremka kutoka ubavuni mwa Nyiragongo, ukakata barabara ya kwenda Rutshuru, ukameza vijiji na mitaa ya kaskazini, ukaja kusimama Buhene, karibu kabisa na uwanja wa ndege. Watu zaidi ya thelathini walipoteza maisha, na maelfu ya nyumba yakazikwa. Siku zilizofuata ardhi ilitetemeka mfululizo. Tarehe 27 ikatolewa amri ya kuhama sehemu kubwa ya mji, na mamia ya maelfu ya watu wakaelekea Sake, wengine Rwanda, wengine kwa meli hadi Bukavu. Ninyi wa Bukavu mliotupokea katika nyumba zenu na katika madarasa ya shule mnaijua habari hii kwa upande wenu.

Mwezi wa saba, tulipokuwa tumekwisha kurudi, kundi letu la vijana lilikusanya maharagwe, unga, sabuni na nguo, tukaenda baada ya misa ya pili kuwatembelea watu ambao nyumba zao zilikuwa chini ya mawe. Tulikwenda kwa nia njema, na hilo hatulikani. Tulipanda juu ya lile jiwe jeusi lililoganda kama uji uliomwagika, nyufa zake bado zikitoa mvuke, na miguu yetu ikasikia joto kupitia viatu. Tuligawa tulichokuwa nacho kwa saa moja hivi. Kisha jua likaanza kushuka, mlima ukawa na rangi ya zambarau nyuma yetu, na mmoja wetu akasimama juu ya tuta la lava, mikono ameinyosha, mgongo kwa mlima. Mwingine akampiga picha.

Ilikuwa picha nzuri, tuseme ukweli. Weusi wa mawe, wekundu wa mbingu, kijana mmoja peke yake kama mtu wa kwanza duniani. Usiku ule tuliiweka katika mitandao na maneno mafupi yaliyosema kwamba Goma haifi. Kabla ya kulala tulikuwa tukihesabu. Watu mia, watu mia tano. Asubuhi ilikuwa imevuka mipaka, imefika kwa ndugu walioko Kinshasa, Kampala na Brussels. Hatukuwahi kupata sifa nyingi namna ile kwa jambo lolote tulilolitenda, na maharagwe tuliyoyagawa hakuna aliyeyauliza.

Hatukumpa mtu yeyote jina la mahali pale. Lakini mji wetu haufichi kitu. Nyuma ya kijana yule ilionekana nguzo ya umeme iliyoinama na kipande cha ukuta wa jirani, na hizo zilitosha. Jumapili iliyofuata walikuja watu wachache. Jumapili ya pili walikuja wengi. Walikuja kwa pikipiki, wawili wawili na watatu watatu, wakiwa wamevaa nguo za sherehe. Walikuja maarusi na wapiga picha wao. Walikuja watu wa Bukavu waliovuka ziwa kwa ajili ya mapumziko ya mwisho wa juma, na wageni wa mashirika wakiwa na magari yao marefu. Wote walitafuta lile tuta moja, wakasimama juu yake kwa zamu, mikono wameinyosha, mgongo kwa mlima. Baada ya muda mahali pale palipata jina. Hatujui nani alilitunga. Waliandika chini ya picha zao kwamba wako “Mwezini”.

Hapa tusimame kidogo, maana jambo hili si la kwetu peke yetu, na kulijua lilivyotokea kwingine kulitusaidia kujiona.

Zamani mtu alikwenda mahali, ndipo akarudi na picha. Siku hizi picha inatangulia, na msafiri anaifuata nyuma. Anapofika haulizi hapa pana nini. Anauliza ni wapi iliposimamiwa ile aliyoiona. Mitandao nayo imejengwa hivyo: kile kilichowapendeza watu jana ndicho kinachosukumwa mbele ya macho ya wengine leo, na anayetaka naye kupendwa anapiga kilekile. Ndivyo kijiji kizima, chenye makaburi yake na shule yake, kinavyopunguzwa hadi kikawa pembe moja ya kusimamia. Katika milima ya Austria kuna kijiji kiitwacho Hallstatt, kando ya ziwa, chenye wakaaji wasiofika mia nane. Katika siku za msimu wageni hufika hata 10,000 kwa siku moja. Mwaka 2023 wenyeji walisimamisha ukuta wa mbao mahali pale hasa watu walipozoea kusimama kujipiga picha, ili mandhari isionekane. Watu wakalalamika mitandaoni, na ukuta ukaondolewa. Huko Japani, katika mji wa Fujikawaguchiko, lipo duka la kawaida kabisa la kuuza vyakula, ambalo nyuma ya paa lake unaonekana Mlima Fuji. Picha ya duka lile na mlima ikaenea, na wageni wakawa wanavuka barabara bila kutazama magari, wanatupa takataka, wanaegesha magari mbele ya zahanati ya meno ya jirani. Mei 2024 wakuu wa mji walitundika wavu mweusi wa mita 20 kwa urefu na mita 2 na nusu kwenda juu, kuuziba mlima. Fikirini watu wanaolazimika kuufunika mlima wao wenyewe! Wageni wakautoboa wavu ule matundu ya kupitishia macho ya simu. Mwezi wa nane ukashushwa.

Tuliposoma habari hizo tulicheka kwanza, kisha tukanyamaza. Nchi zile ni tajiri, zina polisi na faini, na hata hivyo picha moja iliwashinda nguvu.

Kwetu Kivu tunayo mfano ulio karibu zaidi, na wengi wenu mliutuma ninyi wenyewe bila kuujua undani wake. Mnamo Aprili 2019 picha ilienea duniani kote: mlinzi wa Hifadhi ya Virunga amejipiga picha, na nyuma yake ngagi wawili wamesimama wima kwa miguu miwili kama watu wanaongoja basi. Dunia ilifurahi. Wale ngagi walikuwa Ndakasi na Ndeze, mayatima. Mama zao waliuawa mwaka 2007, walipokuwa wangali wachanga, na Ndakasi alikutwa amekumbatia mwili wa mama yake aliyekwisha kufa. Walilelewa na watu kule Rumangabo, katika kituo cha Senkwekwe, na ndiyo maana waliiga kusimama kwa watu. Hifadhi yenyewe ililazimika kueleza kwamba hali ile ilikuwa ya pekee, na kwamba ni mwiko kumkaribia ngagi wa porini. Mgeni anayekwenda kuwatazama porini hupewa saa moja tu, huvaa barakoa, na hutakiwa kukaa mbali kwa mita kadhaa, kwa sababu mafua yetu madogo yanaweza kuiua familia yao nzima.

Lakini picha haibebi maelezo yake mgongoni. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Oxford Brookes walichunguza picha zaidi ya 800 za watu waliokwenda kuwaona ngagi wa milimani, zilizowekwa katika Instagram kati ya mwaka 2013 na 2019. Matokeo yao, yaliyotolewa mwaka 2021, yalionyesha kwamba katika nyingi mno kati ya picha hizo watu walikuwa ndani ya mita nne, na wengine waligusana kabisa na wanyama. Kila aliyesogea alikuwa amekwisha kuona picha ya aliyesogea kabla yake. Si lazima mtu awe mwovu ili adhuru. Yatosha asitake kurudi nyumbani na picha ndogo kuliko ya mwenzake.

Tena lipo jambo lingine kuhusu picha ile ambalo sisi wa huku hatuwezi kulipita. Mwaka mmoja baada ya dunia kucheka na Ndakasi, tarehe 24 Aprili 2020, walinzi 12 wa hifadhi waliuawa karibu na Rumangabo palepale, pamoja na dereva wao na raia wanne. Tarehe 10 Januari 2021 wakauawa wengine 6. Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, imepoteza walinzi zaidi ya 200 katika historia yake. Ni wana wa parokia zetu hao. Wajane wao tunaketi nao benchi moja. Ndakasi mwenyewe alikufa Septemba 2021 kwa ugonjwa, kichwa chake kikiwa kifuani mwa mlezi wake, na picha ya kifo chake nayo ikaizunguka dunia. Ya walinzi wale 12 haikuizunguka. Hatusemi waliomlilia ngagi walikosea, kwa maana hata sisi alituhuzunisha. Tunasema tu kwamba mgeni aliyeijua Rumangabo kwa simu yake aliijua nusu, na nusu ile ilikuwa nyepesi kuliko nyingine.

Na sisi je? Kibali cha kuwaona ngagi upande wa Kongo kilikuwa dola 400, upande wa Rwanda dola 1,500 tangu mwaka 2017. Nani katika kundi letu angeweza? Tumezaliwa tukiuona mlima kila asubuhi, na ngagi tunawajua kwa kioo cha simu kama mtu wa Ulaya anavyowajua. Hata Nyiragongo yenyewe wengi wetu hatujaipanda. Mpagazi mmoja, jirani yetu, aliyewapandisha wageni kutoka Kibati miaka mingi, alitueleza kwamba kazi yake ilibadilika bila mtu kuibadilisha. Safari ni mlima mtupu hadi urefu wa mita 3,470, na juu kule baridi inauma mifupa. Wageni wa kwanza, alisema, walimwuliza mwaka 2002 alikuwa wapi, moto ulipopita katikati ya mji na kuliangusha kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Wa baadaye walimwonyesha simu na kuuliza ni jiwe gani alilokalia fulani. Ukungu ukiliziba lile ziwa la moto, na ukungu huliziba mara nyingi, walimkasirikia yeye. Picha walizoziona hazikuwa na ukungu. Basi ukungu ulikuwa kosa la mpagazi.

Tumesema mengi ya wengine. Turudi kwetu, maana kusema ya wengine ni rahisi.

Ilikuwa mwezi wa kumi wa mwaka uleule. Mama mmoja alikuja parokiani akauliza wale vijana waliokuja na maharagwe wako wapi. Tulimkumbuka. Alikuwa mtu mzima, mjane, aliyekuwa akikaa na wajukuu wake wanne katika kibanda cha turubai kwenye uwanja wa ndugu yake. Tutamwita Mama tu, kama tulivyomwita siku ile. Tulimpa kiti, tukamwuliza habari za watoto. Akajibu salama, akatushukuru tena kwa maharagwe, akatushukuru hata kwa sabuni. Kisha akasema:

“Wanangu, nimekuja kuuliza. Wale watu mnaowatuma kwangu kila Jumapili, mnawatuma kutafuta nini?”

Tulimwambia hatumtumi mtu. Akaitoa simu ya mjukuu wake, ambayo kioo chake kilikuwa kimepasuka, akatuonyesha picha yetu.

Ndipo akatueleza. Lile tuta alilosimama mwenzetu lilikuwa juu ya nyumba yake. Si karibu na nyumba, juu yake. Chini ya miguu ya kijana yule kulikuwa na chumba alichozalia watoto wake wawili. Mwaka 2002, lava ilipofunika mitaa ya mjini, Mama aliona jinsi majirani walivyogombana miaka mingi, kwa kuwa moto ulikuwa umefuta mipaka na kila mmoja alikumbuka kiwanja chake kikubwa zaidi. Kwa hiyo safari hii, mara tu jiwe lilipopoa kiasi cha kukanyagika, alikwenda na shefu wa mtaa na wazee wawili, wakapima kutoka kwenye ule ukuta wa jirani na ile nguzo ya umeme, mita 15 kwa mita 20, akaweka mawe sita makubwa yaliyopakwa chokaa. Mawe yale ndiyo yaliyokuwa hati yake, kwa maana karatasi zake ziliungua pamoja na kabati.

Wageni wa Mwezini walihitaji ngazi ya kupandia tuta, kwa kuwa viatu vyao vya sherehe viliteleza. Waliyaona mawe meupe. Waliyabeba, wakayapanga vizuri, likawa daraja zuri la vipandio, nalo linaonekana katika picha nyingi za miezi ile. Hakuna aliyejua. Hakuna aliyepiga hodi, kwa sababu hakuna aliyeona mlango.

“Nimesikia wanapaita Mwezini,” alisema Mama. “Mwezini hakuna watu. Pale pana watu.”

Hakupaza sauti. Laiti angetugombeza! Alituambia tu kwamba jirani wa upande wa mashariki, ambaye hatuna haja ya kumtaja, alikuwa ameanza kusema mpaka ulipita mita mbili ndani zaidi, na kwamba mmoja wa wale wazee wawili alikuwa amefariki mwezi wa tisa.

Jioni ile kundi letu liligombana sana. Wengine walitaka picha ifutwe papo hapo, na ikafutwa. Lakini kufuta kwetu kulikuwa kama kufunga mlango wa zizi ambalo ng'ombe wamekwisha kutoka. Picha ilikuwa katika simu elfu, wengine wameiongezea nyimbo, wengine wameondoa jina letu na kuweka lao. Dada mmoja akasimama akasema tusijifanye malaika wa ghafla. Alitukumbusha kwamba ni kwa sababu ya picha ileile ndugu mmoja aishiye Ubelgiji, ambaye hatukumjua, alituma fedha za mabati, na familia tatu zimelala chini ya mabati hayo. Je, angetuma kama tungempelekea orodha ya maharagwe? Hakuna aliyemjibu. Mpaka leo hakuna aliyemjibu.

Akasema tena jambo ambalo lilituumiza zaidi. Alisema kosa si kupiga picha. Kosa letu lilitangulia: tulifika kwa Mama, tukampa chakula, tukasimama juu ya nyumba yake, na kwa muda wote ule hatukumwuliza hapa ni wapi. Tungeuliza, angetuambia. Watu wa huku tunajisifu kwa salamu. Tunasema “mgeni njoo, mwenyeji apone”. Na tulikuwa tumekwenda kama wageni wa mbali kabisa, kilomita chache kutoka kwenye vitanda vyetu.

Baadaye mmoja wetu, yule aliyepiga picha, alikumbuka kwamba simu yake ilikuwa imehifadhi picha zote za siku ile, si ile moja tu. Zilikuwa kumi na tisa. Kumi na nane tulizitupa kando kwa sababu mbingu haikuwa nyekundu vya kutosha, au mtoto alipita mbele, au mwenzetu alifumba macho. Tulizikuza moja baada ya nyingine. Katika ile ya saba, iliyopigwa kwa upande, mtoto wa kike amepita mbele na bidoni ya njano, na nyuma yake yanaonekana mawe manne meupe, na nguzo, na pembe ya ukuta. Katika ile ya kumi na moja lilionekana la tano, nusu yake.

Tulizichapisha kwa ukubwa wa karatasi ya kawaida katika kibanda cha kunakilisha karibu na soko la Virunga, tukampelekea Mama. Hakutazama mawe kwanza. Alimtazama mtoto mwenye bidoni, akasema ni mjukuu wake wa pili, na kwamba wakati ule alikuwa hajapoteza meno ya mbele. Kisha akaenda kumwita shefu.

Kazi ilichukua Jumamosi tatu. Shefu alikuja na kamba na yule mzee aliyebaki, na tukalinganisha picha na ukuta, picha na nguzo, tukapima, tukabishana, tukapima tena. Mawe manne yalirudi mahali pake bila ubishi mkubwa. La tano lilikubaliwa baada ya maneno mengi. La sita, lile la kona ya mashariki, halikuonekana katika picha hata moja, na jirani hakukubali. Alisema picha za vijana haziwezi kuwa ushahidi, kwa sababu vijana hao ndio walioleta fujo. Hatukuwa na jibu. Kona ile ina ugomvi mpaka leo, na Mama ameiacha bila jiwe, ingawa kila mtu mtaani anajua jiwe lilikuwa wapi.

Tangu hapo katika kundi letu tumewekeana desturi mbili tatu ambazo hatuziiti sheria. Tukienda mahali hatutoi simu mpaka tumemsalimu mtu wa pale na kumwuliza jina la mahali. Tukipiga, tunamwonyesha. Jina analolitaja yeye ndilo tunaloliandika chini ya picha, hata kama halivutii. Kuna siku tunasahau. Mwaka mmoja uliopita, katika matembezi ya kando ya ziwa, tuliwapiga picha wavuvi wakivuta nyavu bila kuwauliza, na mvuvi mmoja akaturushia maneno makali kutoka mtumbwini, tulistahili. Wengine kati yetu wanaona desturi hizi zinachelewesha matembezi, nao wana haki, zinachelewesha. Kwa mvuvi utaketi nusu saa kabla hajamaliza kukueleza habari za samaki waliopungua, na jua la jioni limekwisha kuzama bila picha yako.

Mara ya mwisho tulipokwenda kwa Mama tulibeba ndoo ya chokaa, maana mvua ilikuwa imeyaosha mawe. Mjomba wake alikuwa amempa mbao, na nyumba ndogo ilikuwa imekwisha kusimama juu ya lile tuta, imetazama barabara. Majani yameanza kuota katika nyufa. Tulikuwa tunapaka jiwe la tatu pikipiki iliposimama, wakashuka vijana wawili, msichana na mvulana, hatukuwajua. Mvulana alikuwa amekwisha kuinua simu. Alitazama nyumba, akatazama simu, akatazama nyumba tena, kama mtu aliyeteremka kituo kisicho chake.

“Samahani, Mama,” alisema msichana. “Tunatafuta Mwezini.”

Mama alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharagwe. Aliwaitikia, akawauliza wametoka mtaa gani na ni watoto wa nani. Walijibu. Kumbe bibi ya msichana alikuwa akiuza sombe pamoja naye sokoni kabla ya 2002, na mazungumzo yakawa marefu, huku mvulana amesimama kwenye jua, simu mkononi, hajui aiweke wapi. Hatimaye Mama akawaonyesha kwa ungo wake upande wa kushoto wa nyumba.

“Pitieni huku,” alisema. “Hilo jiwe jeupe msilikanyage, chokaa haijakauka.”